Jinsi ya kukagua mashirika yanayoomba pesa za umma za familia za mitaani: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Huu mwongozo nimewaandikia watu wanaokaa kwenye kamati za kugawa pesa za umma kwa mashirika yanayohudumia familia za mitaani hapa Kenya, iwe ni ule mfuko wa serikali wa kurekebisha familia za mitaani ulioanzishwa Machi 2003, iwe ni kaunti, iwe ni kamati ndogo tu ya wadi iliyoambiwa ipendekeze majina. Na wewe mwenye CBO (kikundi cha kijamii) soma pia, manake ukijua vile faili yako itasomwa utaiandaa vizuri na hautashangaa ukiulizwa maswali.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Nairobi 15,337, Mombasa 7,529, Kisumu 2,746, Uasin Gishu 2,147, Nakuru 2,005, na waliobaki wametapakaa kaunti zingine. Hao ndio wenyewe wa hizi pesa, na hawatakuwa kwenye kikao chenu, hawana wa kuwapigia simu kuuliza mbona godoro halijafika. Kwa hivyo ukiwa kwa hiyo kamati unakaa kwa niaba yao. Na kama hilo halikugusi basi soma Katiba kifungu cha 226(5), mwenye ofisi ya umma akiidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria, hasara ni yake na anatakiwa kuilipa hata kama ameshatoka ofisini.

HATUA YA 1: kabla hamjafungua faili hata moja

Andikeni vigezo kwanza. Kamati ikisoma maombi alafu ndio ikae kutunga vigezo, vile vigezo vitatoka na sura ya shirika ambalo mtu fulani tayari ashalipenda. Andikeni, wekeni sahihi na tarehe, ndio mfungue.

Alafu kila mwanakamati ajaze fomu ya mgongano wa maslahi. Tangu 2025 tuna sheria nzima ya mambo haya, sio suala la adabu tu tena. Lakini usiulize "je, una maslahi yoyote?" juu kila mtu atasema hapana na kwa kweli atakuwa anaamini anachosema. Uliza vitu vya kushikika: ushawahi kufanya kazi nao, ushawahi kuwakodishia nyumba au gari, kuna ndugu yako, mkeo, mumeo au mtu wa kanisa lako kwa bodi yao, walishawahi kuja kwa harambee yako. Mwenye kujibu "ndio" atoke kwa chumba wakati shirika hilo linajadiliwa, asikae pale pembeni akinyamaza, atoke kabisa, na kumbukumbu za kikao ziandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Kila faili isomwe na watu wawili kila mmoja kivyake, bila kuongea kwanza. Wakikutana na alama zao ziko karibu, sawa. Zikiwa mbali sana hapo ndio pana kitu cha kujadili, na mara nyingi utakuta mmoja ameona kitu ambacho mwenzake amekipita.

HATUA YA 2: hili shirika ni nani hasa

Kanuni ya hatua hii ni moja, usithibitishe karatasi kwa kuikodolea macho, ithibitishe kwa aliyeitoa. Siku hizi mtu na simu yake anaweza kubadilisha tarehe kwenye cheti ndani ya dakika chache na macho yako hayataona.

Kila aina ya shirika ina mlango wake. NGO sasa ziko chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013, ile ilichelewa mpaka ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na mamlaka yake ni PBORA iliyochukua nafasi ya ile bodi ya NGO ya zamani. Wakikuletea cheti cha ile bodi ya zamani sio lazima ni wezi, uliza tu wamefika wapi na kuhamia kwa mamlaka mpya na waonyeshe barua. Vikundi vya jamii na CBO viko kwa sheria ya usajili wa vikundi ya 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo inavijua kwa majina, piga simu au fika, na angalia tarehe ya kuisha ya cheti maana wengi wanasahau kurenew. Kampuni isiyo ya faida utaitisha CR12 (karatasi ya msajili wa kampuni yenye majina ya wakurugenzi) mpya, ya mwaka jana usiikubali, wakurugenzi wanabadilika. Kanisa au jumuiya ya dini iko kwa msajili wa vyama.

Makao ya watoto yana sharti la ziada na hapa naomba usikimbie. Hata kama wamesajiliwa kama NGO au kanisa, kulaza watoto ni kibali kingine kabisa chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Mwezi wa 11 mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, kwa hivyo mtu akija na makao yaliyofunguliwa miaka ya karibuni kaa naye chini akueleze yanaendeshwa kwa kibali gani, na umuulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo kabla hujaandika alama yoyote.

PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na cheti cha kutii kodi unaviangalia mwenyewe kwenye tovuti ya iTax, kuna sehemu ya kuchunguza zote mbili na hauhitaji hata kuingia na akaunti.

Alafu linganisha majina. Jina la kwenye cheti, jina la PIN, jina la akaunti ya benki, jina la paybill, jina lililo kwa ukuta wa ofisi. Yawe sawasawa herufi kwa herufi. Utakuta cheti ni cha kikundi lakini akaunti ni ya kampuni yenye jina linalofanana fanana, na ile kampuni ina wakurugenzi wawili ambao ni mume na mke. Hapo simama.

HATUA YA 3: watu walio nyuma ya jina

Chukua maombi yote yaliyokuja, sio moja moja, yaweke kwenye Excel. Safu ya jina la shirika, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, namba za simu, sanduku la posta, barua pepe, mahali ofisi ilipo, mkaguzi wa hesabu, na wauzaji wakubwa waliotajwa kwenye bajeti. Ukimaliza panga kwa namba ya simu, alafu panga kwa sanduku la posta, alafu kwa mkaguzi. Kazi ya nusu siku tu. Mashirika matatu yenye majina tofauti yakitumia simu moja utayaona hapo hapo, na hakuna kusoma faili moja moja kungekuonyesha hicho kitu.

Bodi iwe bodi kweli. Itisha kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho na usome waliamua nini. Bodi inayokutana kupitisha tu alichosema mwanzilishi utaijua, kila ukurasa ni "mkurugenzi aliarifu, wanachama walishukuru". Ongea na mweka hazina peke yake, mkurugenzi asiwe hapo, umuulize mambo ya kawaida kabisa, mwisho wa mwezi uliopita mlikuwa na pesa ngapi kwa benki, nani anaweka sahihi, ni lini mlikataa malipo. Mweka hazina ambaye hajui lolote kati ya hayo ni jina tu lililowekwa kwa karatasi, na hiyo inamaanisha hakuna mtu anayemwangalia mkurugenzi.

Undugu peke yake sio kosa. Mashirika mengi mazuri yalianza kwa mama mmoja aliyeanza kupika uji na watoto wake wakamsaidia, na sitaki mtu amfukuze huyo mama kwa sababu ya jina la ukoo. Shida inaanza pale ndugu anapolipwa na hakuna aliyeulizwa, au pale nyumba inayokodiwa na shirika ni ya mkurugenzi, gari ni la shemeji yake, na chakula kinanunuliwa kwa duka la dada yake kwa bei ambayo soko halijui. Uliza nyumba ni ya nani na uitishe mkataba wa upangaji, na ikibidi fanyeni search ya ardhi. Uliza kila muuzaji mkubwa ana uhusiano gani na mtu wa bodi au mfanyakazi, wajibu kwa maandishi na sahihi, maana siku ikija kugundulika walidanganya mna karatasi mkononi.

Hili sio tatizo la Kenya peke yake. New York City wanatumia mabilioni ya dola kwa makao ya wasio na makazi kupitia mashirika yasiyo ya faida, na Oktoba 2024 idara ya uchunguzi ya jiji ilitoa ripoti baada ya kuangalia mashirika 51 ikakuta mambo haya haya, kuajiri ndugu, migongano ya maslahi, ununuzi bila ushindani, wakubwa kujilipa mishahara mikubwa mno. Miaka miwili kabla ya hapo mkuu wa shirika moja la Bronx alihukumiwa miezi 27 jela kwa kula rushwa za makontrakta waliopewa kazi na shirika lake. Vyeti na karatasi nzuri peke yake havikinzi mambo haya. Pesa ilitokea kwa mlango wa wauzaji, na huo ndio mlango ambao kamati nyingi haziangalii.

HATUA YA 4: pesa zao

Itisha hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu kwa wakubwa, kwa kikundi kidogo daftari la mapato na matumizi linatosha. Kama zimekaguliwa cheki kwa tovuti ya ICPAK (chama cha wahasibu wa Kenya) kama huyo mkaguzi ana leseni ya kufanya kazi, na umpigie kwa namba iliyo ICPAK, sio ile iliyo kwa karatasi ya shirika, umuulize kama hiyo ripoti ni yake. Ripoti za kughushi zenye muhuri wa mkaguzi ambaye hajawahi kuliona hilo shirika zipo.

Salio la kufunga mwaka uliopita liwe ndio salio la kufungua mwaka uliofuata. Inaonekana kitu kidogo lakini ni hapo hesabu za kutungwa zinajulikana, juu mtu anayetunga anatunga kila mwaka upya.

Statement ya benki ya miezi 12, itoke benki yenyewe. Ya paybill pia, maana michango mingi inaingia kwa M-Pesa na kuna mashirika yanakuonyesha benki tu kama vile hiyo nyingine haipo. Ukiwa na hizo karatasi usitafute jumla, tafuta mwendo: pesa inaingia leo na kesho yake yote inatolewa taslimu? inaenda kwa namba ya mtu mmoja mara kwa mara? kuna mwezi mzima ambao hakuna hata shilingi ya chakula na wanasema wanalisha watoto arobaini kila siku?

Risiti za siku hizi nyingi zina QR ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, skani chache bila kuchagua uone kama KRA inaitambua na kama kiasi ni kile kile. Mama mboga hana eTIMS na hatarajiwi kuwa nayo kwa kila fungu la sukuma, hapo daftari lenye sahihi linakubalika, lakini tani ya unga na mchele haiwezi kuwa imenunuliwa yote bila risiti inayoeleweka.

Bajeti igawanye mpaka ifike kwa mtu mmoja kwa siku. Mfano, shirika linasema chakula cha watoto 40 kwa mwaka ni shilingi 1,752,000. Watoto 40 mara siku 365 ni 14,600, gawanya, unapata shilingi 120 kwa mtoto kwa siku, hiyo inaeleweka kwa ugali, maharagwe, sukuma na uji asubuhi. Jirani yake ameandika 5,840,000 kwa idadi hiyo hiyo, hiyo ni shilingi 400 kwa mtoto kwa siku, na pengine ana sababu, pengine wako kwenye dawa na wana lishe maalum, lakini lazima aulizwe na ajibu.

Kitu kimoja naomba kamati ziache, kukata alama kwa sababu ya mishahara. Kazi ya familia za mitaani ni kazi ya watu. Anayeenda kukaa na vijana kwa bezi, yaani kijiwe chao cha mtaani, usiku, wiki baada ya wiki, mpaka mmoja wao akubali kuacha gundi, huyo ndio mradi wenyewe, na shirika lisilomlipa litampoteza. Shirika lenye sifuri kwa mishahara na milioni mbili kwa "semina na uhamasishaji" ndio la kuogopa.

Na muulize nani mwingine anawapa pesa kwa kazi hii hii. Mtoto mmoja anaweza kulipiwa kitanda na kaunti, na kanisa la Ulaya, na mfuko wa serikali, wote watatu wakipewa picha ile ile. Itisha orodha ya wafadhili wote na kila mmoja analipia nini.

HATUA YA 5: kazi yenyewe, na hapa kaa muda mrefu zaidi

Kamati nyingi zinamaliza nguvu kwa vyeti alafu zikifika kwa kazi zinasoma tu idadi. "Tumefikia watu 3,000." Kufikia ni nini? Kama shirika liko Uasin Gishu na sensa ya 2018 ilikuta watu 2,147 kaunti nzima, basi hao 3,000 ni nani? Inawezekana wamehesabu sahani za chakula, inawezekana wamehesabu mtu mmoja kila wiki. Mwambie akuandikie idadi ya watu tofauti, kila mtu mara moja, na akutofautishie nani alipewa chakula tu, nani alitolewa mtaani, nani aliunganishwa na familia au akapata pa kukaa na kazi, na nani bado yuko huko mpaka leo.

Hiyo ya mwisho ndio swali langu kubwa kuliko yote: miezi sita baada ya kuwatoa mtaani, wako wapi? Mtu yeyote anayefanya hii kazi anajua kumtoa mtoto mtaani ni jambo la siku moja na kumfanya abaki nje ya mtaa ni jambo la miaka, manake kile kilichomtoa nyumbani, njaa, kipigo, baba wa kambo, mama mgonjwa, mara nyingi bado kiko pale pale. Shirika zuri litakuambia kwa uchungu kwamba kati ya waliorudishwa nyumbani kadhaa walirudi mtaani, na litajua majina na sababu na lilifanya nini baadaye. Linalosema wote walifaulu, hakuna hata mmoja aliyerudi, halijawahi kuwafuata.

Jinsi ya kuthibitisha: itisha rejista ya waliohudumiwa na uchague mwenyewe, wasikuchagulie. Kama kuna majina 180 na unataka 12, anza popote kwenye 15 za kwanza alafu chukua kila la 15. Kwa kila jina itisha faili. Faili ya kweli inachosha kusoma, ina tarehe zisizofuatana vizuri, ina mwandiko wa watu tofauti, ina sehemu imeandikwa "hakupatikana, nitarudi Alhamisi". Faili kumi na mbili zenye kalamu moja, mwandiko mmoja na maneno yale yale ziliandikwa kwa ajili yako wiki iliyopita. Kwa wachache kati yao fuata mpaka mwisho, afisa wa watoto au afisa wa maendeleo ya jamii wa kule mtoto alikorudishwa awasiliane na mlezi, sio nyinyi kumpigia mzazi simu ghafla mkimuuliza habari za mtoto wake.

Kama ni makao, kila mtoto anayelala pale awe na amri ya korti, au kama ameingia kwa dharura pawe na ushahidi ofisi ya watoto ilijulishwa. Idadi wanayokuambia ilinganishwe na iliyo kwenye CPIMS, ule mfumo wa taarifa za ulinzi wa watoto wa idara ya huduma za watoto. Muulize afisa akuangalizie, inachukua muda mfupi.

Nasisitiza makao kwa sababu moja. Anayelipwa kwa kichwa anataka vichwa. Mtoto akirudi kwao kitanda kinabaki wazi na pesa inapungua, kwa hivyo hata mtu mwenye roho nzuri anajikuta anachelewesha kumrudisha. Na kuna wabaya zaidi wanaokopa watoto wa majirani siku wageni wanakuja. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 mpaka 2032 unasema mwelekeo ni familia na jamii, sio mabweni, kwa hivyo maombi ambayo asilimia kubwa ni kujenga bweni jipya yanaenda kinyume na sera hata kama mchoro wake ni mzuri namna gani. Waulize wastani mtoto anakaa muda gani hapo na ni wangapi wametoka mwaka uliopita.

Wakubwa pia msiwasahau. Mtaani hakuna watoto tu, kuna vijana waliozaliwa huko, kuna kina mama na vichanga, kuna wazee, na sera nyingi zinaishia kwa mtoto. Serikali ya 2003 ilipopeleka vijana wa mitaani NYS (huduma ya vijana kwa taifa) ilionyesha kwamba kijana akipewa ufundi na nidhamu anaweza kusimama, swali ni baada ya mafunzo anaenda kulala wapi. Shirika lenye jibu la hilo, hata kama ni dogo, mpe alama zake.

HATUA YA 6: nenda ukaone

Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya heshima, wakuonyeshe wanachotaka. Ya pili bila kusema siku, lakini ndani ya kipindi walichokubali kwa maandishi tangu mwanzo wa maombi, ili isiwe uvamizi. Nenda wakati wa chakula cha jioni, manake saa nne asubuhi watoto wako shule na kila mahali panaonekana pako shwari.

Hesabu vitanda, alafu hesabu blanketi, alafu miswaki. Angalia sufuria kubwa kama zinatosha kupikia watu wanaosema, angalia stoo ina chakula cha siku ngapi, angalia bili ya maji. Ingia choo. Angalia kama milango ya dharura inafunguka na nani ana funguo za bweni usiku. Uliza kila mfanyakazi anayelala hapo ana cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), na mlinzi pia, na yule mtu wa kujitolea kutoka nje ya nchi pia.

Watoto usiwahoji. Usimchukue mtoto pembeni ukamuuliza kama anapigwa, utamweka hatarini alafu wewe utaondoka na yeye atabaki. Ukiona kitu cha kukutia wasiwasi piga simu kwa afisa wa watoto, au 116, namba ya kusaidia watoto ambayo ni ya bure, siku hiyo hiyo, wala usingoje kikao cha kamati. Picha za watoto usipige, na shirika linalojaza nyuso za watoto Facebook wakiomba misaada likatwe alama, tuna sheria ya data ya 2019 na 2023 shule moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi.

Alafu toka nje ya geti uongee na mtaa. Mwenye duka anayewauzia unga, mwalimu mkuu wa shule ya karibu, chifu, mzee wa nyumba kumi, mwendesha boda wa hapo kona. Na nenda kwa bezi zenyewe, na mtu wa kazi ya mtaani anayeaminika huko, uulize hawa watu mnawajua? Wanakuja siku gani? Nani kati yao mnamwita mkiwa na mgonjwa usiku? Watu wa mtaani wanajua vizuri kabisa nani anakuja na kamera na nani anakuja na dawa. Nimekaa kwenye vikao ambapo maneno ya kijana mmoja wa bezi yalikuwa na uzito kuliko kurasa themanini za maombi, na hivyo ndivyo inavyofaa.

VIKUNDI VIDOGO

Hapa nataka tuwe makini sana, ukaguzi mkali ukifanywa bila akili unaua wale wazuri. Anayejua kuandika maombi atapita kila hatua, na kikundi cha vijana saba waliotoka mtaani wenyewe, wanaojua kila bezi ya mji, kitaanguka kwa sababu hesabu zao ziko kwa daftari la shule. Kukosa karatasi na kukosa uaminifu ni vitu viwili tofauti. Kinachokosekana na kinaweza kupatikana, cheti kilichoisha muda, barua ya chifu, sahihi ya pili benki, wape siku 14 warekebishe, wote sawa, wakubwa kwa wadogo. Wakipewa pesa ziwe kidogo kwanza, au zipitie shirika kubwa la kuaminika linalowashika mkono kwenye hesabu, na hilo shirika kubwa likubaliwe lichukue asilimia gani, iandikwe, lisije likawala.

Uongo ni kitu kingine. Karatasi ya kughushi, watoto wa kukopa, kufichwa kwa undugu na muuzaji, huyo hana siku 14.

ULIZA WENGINE

Piga simu kwa wafadhili waliotajwa, na kwa mmoja ambaye hawakumtaja lakini umemwona kwenye hesabu zao za zamani. Swali ni moja, ungewapa tena? Sikiliza akisita. Tafuta jina la shirika na la wakurugenzi kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali na kwenye tovuti ya Kenya Law kwa kesi, zote ziko wazi na ni bure. Kesi peke yake haimaanishi hatia, watu wanashtakiana kwa mengi, lakini wakuelezee.

KUWEKA ALAMA

Gawanyeni mara mbili. Kuna mambo ya kupita au kuanguka: usajili umethibitishwa, kibali cha kulaza watoto kama wanalaza, hakuna udanganyifu, hakuna tuhuma ya unyanyasaji ambayo haijashughulikiwa. Hayo hayapewi alama, ukianguka umeanguka. Yaliyobaki ndio yenye alama, na mimi ningeweka 40 kwa kazi na matokeo, 25 kwa pesa, 20 kwa uongozi, 15 kwa ujuzi wao wa eneo na watu wake. Msifanye kosa la kuacha alama nzuri za maombi zifunike bendera nyekundu. Shirika lenye 86 na akaunti ya benki ya jina lingine halina 86, lina swali ambalo halijajibiwa.

Andikeni sababu za kila uamuzi. Katiba kifungu cha 47 na sheria ya 2015 ya utendaji wa haki wa kiutawala zinampa aliyekataliwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua iseme kilichokosekana ni nini hasa, sio "hamkufikia viwango". Na iseme rufaa inaenda kwa nani na kwa siku ngapi.

MKATABA NA KUTOA PESA

Usitoe zote mara moja. Asilimia 30 kwanza, ifuatayo baada ya ripoti ya hesabu na ziara, na mnayemwona ana hatari zaidi awe na awamu nyingi na ndogo. Pesa ziingie akaunti ya mradi huu peke yake yenye sahihi mbili. Mkataba useme mnaweza kufika wakati wowote, mnaweza kuona rejista na statement, kitu kilichonunuliwa kama gari au mashine ya kushona kinabaki kwa nani mradi ukiisha, na pesa isiyotumika inarudi.

Useme pia nini kinatokea mkisimamisha. Hii inasahaulika kabisa. Siku shirika likikutwa na makosa na pesa zikakatwa, kuna watu wanalala pale usiku huo. Kabla ya kuweka sahihi muwe mmeshajua na afisa wa watoto ni makao gani au familia gani zitawapokea, na sehemu kidogo ya bajeti iwekwe kando kwa hilo, isiguswe na yeyote.

Mwisho bandikeni orodha: nani amepewa, kiasi gani, kwa kazi gani, kaunti ndogo gani, awamu ya pili ni lini. Ikae kwa ubao wa ofisi ya chifu na ya kaunti na mtandaoni, kwa Kiswahili, na namba ya simu ya kupokea malalamishi ambayo mtu fulani mwenye jina amepewa kazi ya kuishika.